Msisome Halbadiri ya Mguu Wangu

Majengo, Mombasa

Kwa mama yangu, Bi Mize binti Faki, Mgogoni, Pemba.

Mama, shikamoo, na mikono yako naibusu kutoka huku niliko. Kifua chako kinaendeleaje na mvua hizi? Yule ng'ombe mwekundu keshazaa? Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu, ukiacha meno mawili ya mbele. Mguu wa kulia umo ndani ya plasta, mzito kama kinu, na unaniwasha pahala ambapo kidole hakifiki.

Barua hii nimempa jirani yangu mshona viatu, anasafiri kesho asubuhi, aitie mkononi mwa dada Mwanakombo. Najua msomaji wako wa siku zote ni Hamadi, lakini hii mdogo wangu asiione. Dada, wewe unayeisoma, funga mlango kwanza, na ukimaliza itie jikoni iungue.

Mama, neno lenyewe ni hili. Kama Maalimu hajasoma Halbadiri, asisome. Umeniandikia kwamba Ijumaa baada ya sala wasomaji watakusanyika barazani kwetu, wamsomee aliyenivunja mguu, na wake uvunjike, asipande tena hata ngazi ya nyumba. Nilipofika hapo nilitafuta karatasi nikujibu.

Najua utasema, si wewe mwenyewe uliyeniomba? Ni mimi. Niliandika nikiwa hospitali, meno yangu yamo ndani ya kibiriti chini ya mto. Nilikuwa na hasira, na hasira ningali nayo, usidhani nimelainika.

Sikukueleza mechi ilivyokuwa. Timu ya Visiwani ilikuja kucheza na wenyeji, mechi ya nchi na nchi, Bwana DC kakaa kiti cha mbele na mkewe kavaa kofia ya maua. Winga wetu akashikwa na homa. Hamadi, aliyekuja na timu, akawaambia ana kaka yake bandarini anayejua mpira, wakaja kunitoa kwenye magunia. Mama, tulivaa jezi moja mimi na mwanao mdogo. Nilitamani ungetuona.

Beki wao alinianza mapema. Ni mtu mpana, shingo imeingia mabegani. "Mpemba, hirizi yako umeifunga wapi leo?" Kisha akanitemea mate. Nikamtazama refa Mzungu, naye akatazama mawingu. Mara ya pili akanikanyaga kidole gumba makusudi, nami nikampa kiwiko cha mbavu, sikufichi. Hapo akageuka akanipiga ngumi ya mdomo, mpira wenyewe uko upande wa pili wa uwanja. Meno nikayaokota mwenyewe kwenye majani.

Basi ikawa si mpira tena. Wakaingia wachezaji wote, wakaingia watazamaji, wakaingia askari na virungu vyao wakipiga yeyote aliye karibu. Kipa wetu alikimbizwa kulizunguka goli na muuza madafu. Refa akapuliza filimbi mpaka mashavu yakawa mekundu, asisikilizwe na mtu. Mke wa DC alitolewa bila kofia.

Mimi shughuli yangu ilikuwa moja tu, yule beki. Nilimkaba shingo tukaanguka chini pamoja. Nilimpiga, Mama, na nilifurahi kumpiga. Ndipo nikamsikia Hamadi anakuja mbio, "Mwachie kaka'angu! Mwachie!" Kaung'oa mti wa bendera ya kona, kauinua kwa mikono miwili. Beki akabiringika. Ule mti ukashuka kwenye muundi wangu, nikasikia mfupa ulivyolia.

Hamadi hakuona. Vumbi lilikuwa jingi, na askari alimkamata ukosi hapo hapo akamburura. Mpaka leo anaamini nilivunjika pale beki aliponiangukia. Siku ya kuondoka alikuja hospitali, akaushika unyayo wangu akalia. "Kaka, n'samehe. Wallahi yule mtu kakuvunja nami naona kwa macho yangu. Miye nilichelewa tu." Nilimwambia nyamaza, si kitu.

Halafu nikakuandikia wewe, na mguu nikautupia kwa beki. Nilijiambia yeye ndiye aliyeanza, bila yeye ule mti ungebaki kwenye shimo lake. Na niliona kwa meno mawili peke yake Maalimu hatakubali kukusanya watu. Mtu nimezaliwa Mgogoni, nimekua nanusa ubani wa visomo, nikasahau kwamba Halbadiri haiulizi jina. Inamtafuta aliyetenda.

Na karafuu zimeiva. Hamadi yuko mikarafuuni tangu asubuhi mpaka Magharibi, tena yeye ndiye anayefuata vile vitawi vyembamba vya juu wenziwe wanavyoviacha. Tangu nilipopata barua yako kila nikifumba macho namwona huko juu. Mshusheni. Mwambieni kuku wamepotea, mwambieni lolote, asipande mpaka Maalimu ayasome maneno yangu.

Maana nakumbuka Maalimu alivyosema mbuzi wa shangazi walipoibwa. Nia ikishatiwa haitanguki mpaka aliyedhulumiwa asamehe kwa maneno yake mwenyewe mbele ya wasomaji. Nilitaka nimsamehe Hamadi peke yake, beki nimwache humo humo apate anachostahili. Lakini nikimtaja Hamadi barazani kijiji kizima kitajua, naye atajua, na atakuwa na mzigo huo mpaka kufa. Kwa hiyo imenibidi niwaingize wote. Haya ndiyo maneno, dada uyanakili peke yake kwenye karatasi nyingine umpe Maalimu ayasome mbele ya wasomaji:

"Mimi Kombo bin Shaame nimemsamehe kila aliyeugusa mguu wangu siku ile, duniani na akhera."

Karatasi tatu nimeharibu kwa mstari huo. Ya kwanza niliongeza "isipokuwa beki", nikaichana. Ya pili pia. Yule mtu ni dereva wa lori, Mama. Kila siku anapita chini ya dirisha langu anapiga honi, na mimi nalipapasa pengo kwa ulimi na kumwombea mabaya yote ninayoyajua. Sasa hata hayo umeninyang'anya wewe na Maalimu wako.

Nisalimie shangazi mwenye mbuzi, na mjomba mhunzi, na mke wa Hamadi, mwambie mumewe alicheza vizuri. Hamadi akiuliza kwa nini nimesamehe, semeni nimechoka.

Ni mimi mwanao,
Kombo

Maalimu akiuliza kama msamaha huu umetoka moyoni, mwambie umetoka Mombasa.