Picha ya Rajabu Ndani ya Kabati la Diski

Jumatatu, 4 Juni
Zuhura anaota jino. Kaniuma wakati wa kunyonya. Nimemwacha kwa jirani akilia, sikugeuka nyuma. Ukigeuka huondoki.

Ofisini kwetu, kwenye shamba la mkonge, nikawasha kiyoyozi kwanza, ndipo nikafuta vumbi. Kabati la diski, linalotunza kumbukumbu zote za kompyuta, halitaki joto. Meneja katangaza: majalada ya vibarua wa zamani yahamishwe. Yako kwenye diski za kasi, na mwenye shamba mpya anazitaka kwa hesabu zake. Fundi Nickson atayanakili kwenye diski za polepole, humo humo kabatini. Kisha yale ya mwanzo yafutwe.

Rajabu yumo humo.

Jumanne, 5 Juni
Nimechoka hata kuchana nywele.

Shamba la mkonge lilipobinafsishwa, kila kibarua alipigwa picha ya kitambulisho, nyingine ikabaki kwenye jalada lake. Rajabu, mume wangu, hakuwahi kupigwa picha tena. Alipofariki, ofisi ikachukua kitambulisho chake. Ndio utaratibu. Nilitoka eda kwa kumzaa Zuhura, kwa hiyo mtoto hajawahi kumwona baba yake hata kwenye karatasi.

Leo nimemwomba meneja anichapie ile picha. Kakubali, hakusita. Ila wino wa printa umekwisha, unatoka Tanga Ijumaa. Nitasubiri. Mama mkwe nimeshampelekea salamu kijijini Kang'ata kwamba picha inakuja.

Jumatano, 6 Juni
Nickson kaanza kunakili asubuhi. Aliniambia kabati lina diski nyingi ndani, lakini kompyuta inakatiwa vipande tu, kama kitenge. Kila kipande anakiita diski pepe. Kabonyeza, kasema, "Mama Zuhura, hii sasa inajipika yenyewe," kaondoka kwenda Mazinde. Mashine ya ofisi ya kule imekufa.

Chai haijapoa, nakala ikatokea kwenye kioo cha kompyuta. Nikaifungua. Majina yote yapo. Nikamtafuta Rajabu.

Nikamwona. Nilikaa naye kidogo.

Mchana meneja kachungulia mlangoni.
"Nakala ipo, mama?"
"Ipo, mzee. Njoo uone."
Kaja, kaona, kasema vizuri. Kafuta ya mwanzo kwa mkono wake, huku anapiga mluzi.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Zuhura kanywa uji wote.

Alhamisi, 7 Juni
Nakala haifunguki. Nimejaribu asubuhi, nimejaribu tena baada ya chai. Jina la diski lipo, ndani hamna kitu. Simu ya Nickson haipatikani.

Nina hofu. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 8 Juni
Nickson karudi. Kaangalia kioo muda mrefu, kisha kavua kofia.

Kanieleza taratibu, kama mtu anayeeleza msiba. Nakala ya namna ile inafunguka papo hapo, hata kabla haijahamia. Ukiomba kitu ambacho hakijafika, kabati linakwenda kukisoma kule kule kwenye diski ya mwanzo. Kuhama kwenyewe kulihitaji siku nzima. Rajabu niliyemwona Jumatano alikuwa bado kule kwenye diski ya zamani. Meneja alipofuta, chanzo kikakatika katikati.

"Ningewaambia msifute," kasema. "Sikudhani mngefuta mimi sipo."
Nikasema, "Niliona kwa macho yangu."
"Ungeona tu, dada. Hata mimi ningeona."

Kanda za akiba, zinakotunzwa nakala za ziada, kazikagua. Majalada ya zamani hayakuwekwa humo. Meneja hakunifokea. Afadhali angefoka.

Wino umefika. Boksi liko mezani, halijafunguliwa.

Nina hasira, na sina wa kumpa. Zuhura kalia leo nami nikalia. Kisha nikamwogesha, maana lazima aogeshwe.

Jumapili, 10 Juni
Kang'ata. Basi mpaka Handeni, halafu gari la mahindi. Mama mkwe alikuwa kavaa kanga mpya na kafagia uwanja. Nikamwamkia, nikamwambia pale pale kabla sijaketi. Picha haipo, haitakuwepo.

Kamchukua mtoto, kampakata.

Baadaye kasema, "Basi nieleze ulivyomwona."

Nikamweleza. Shati la kola, kifungo cha juu kimefungwa. Hacheki, maana waliambiwa wasicheke. Sikio la kushoto limesimama kuliko jingine.
"La kulia," kasema mama mkwe.
"La kushoto, mama. Nimeliona juzi Jumatano."
"Nimemzaa mimi."

Nikafikiri tena. Sasa sina hakika. Naye akawa anajishika sikio moja, akishika na la pili, anatafuta lipi ndilo lenyewe.

Hatukubishana tena. Zuhura kalala. Nimesonga ugali, tumekula na kisamvu.