Watoto wa Mbwa Wanaharisha, Baba Mkwe Anangoja Mwezi Ufike Miguuni

Mpendwa Bi Orlena,

Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kunifukuzisha kwenye meza ya chakula cha Jumapili, maana nimefika mwisho na hapa nyumbani sina wa kumwambia, mume wangu Estill yuko mtoni kwenye matishari ya makaa ya mawe na harudi mpaka mwisho wa mwezi, na kila nikimpigia simu ananiambia neno lilelile, "Mwache Baba, ndivyo alivyo," kana kwamba mimi sijui alivyo, mimi ninayemkaangia mayai kila asubuhi na kumtafutia miwani iliyo kichwani mwake.

Tuna mbwa jike wa kuwinda rakuni, anaitwa Dovie, ana miaka tisa, na huyu Dovie ni mjukuu wa mbwa ambaye marehemu mama mkwe alimlea kwa chupa hapa jikoni nyuma ya jiko, kwa hiyo si mbwa tu, Bi Orlena, ukoo wote umebaki kwake, na uzazi huu ndio wa mwisho kwa sababu ya umri. Baba mkwe hakutoa chozi siku ya mazishi ya mkewe, lakini Dovie alipozaa watoto sita alikaa kwenye kibanda na kofia mkononi akilia waziwazi, nami nikajifanya nimekwenda kuchota maji.

Sasa wamebaki wanne. Walipofika wiki tatu matumbo yalivimba kama ngoma, manyoya yakakosa mng'ao, wakaanza kuharisha, nikasema, "Baba, hawa wana minyoo, tuwape dawa," akaenda mpaka kwenye ile kalenda ya kampuni ya mazishi iliyotundikwa karibu na jiko, unaijua, yenye picha ya mtu uchi na mistari inayoonyesha siku mwezi ulipo mwilini, akaweka kidole akasema, "Mwezi uko kifuani. Minyoo haitolewi mwezi ukiwa juu ya kiuno. Tungoje ushuke miguuni." Tukangoja. Jumamosi mmoja akafa. Baba akashikwa na hofu, Jumapili asubuhi kabla ya kanisa akachukua tumbaku yake ya kutafuna, akaiviringisha kwenye mafuta ya nguruwe kama alivyofanya baba yake na babu yake, akamlisha mtoto mwingine, dume mzuri mwenye masikio marefu kuliko wenzake, na tuliporudi kutoka kanisani tukamkuta anatetemeka na kutoa mapovu, na kabla mchana haujaisha akafa.

Ungedhani hapo ndipo angejifunza, sivyo? Aliniambia hivi, neno kwa neno: "Unaona? Nimeharakisha. Amekufa kwa sababu mwezi haukuwa mahali pake." Kwa hiyo sasa ndiyo hataki kabisa mbwa hao waguswe mpaka mwezi ufike miguuni, na leo Ijumaa ndiyo kwanza uko moyoni, keshokutwa utaingia matumboni, na ukiwa matumboni kwake yeye ni marufuku hata kumtazama mbwa anayeumwa tumbo. Miguuni ni zaidi ya wiki mbili kutoka leo!

Sasa naungama. Jumatano iliyofuata, Baba alipokwenda kunyolewa, nilinunua chupa ya dawa ya minyoo kwenye duka la chakula cha mifugo, nikawapa wote wanne kwa kukadiria kwa jicho, na kesho yake wakatoa minyoo mirefu kama tambi, nikafurahi peke yangu kama mwizi. Baba akaiona akasema, "Ndiyo hiyo, inatoka yenyewe, inajua siku yake inakaribia," nami nikauma ulimi. Mwezi ulipopita miguuni walionekana wazima, naye akaona hawahitaji dawa. Lakini Jumanne hii, karibu wiki mbili baada ya dawa yangu, wameanza tena kuharisha, safari hii ute na damu, nikajua nimeuziwa dawa feki, nikaitupa kijitoni. Tangu jana nimewanyima maji ili matumbo yakauke. Yule mdogo kuliko wote, jike pekee, niliyempa jina Tansy, hanyonyi sawasawa, na nikimfunua mdomo fizi zake ni nyeupe.

Nikisema nawapeleka kwa daktari wa mifugo, Baba anajibu, "Siku mbwa wa nyumba hii atapanda gari kwenda kwa daktari, mimi nitahamia kibandani kwake." Na hatanii, alishawahi kulala kwenye ghala siku tano kwa sababu ya ugomvi wa mbegu za maharage. Nikienda kwa siri, nitakuwa nimemvunjia heshima nyumbani mwake. Nisipokwenda, Tansy atakufa nikimtazama. Nifanyeje, na tafadhali usitaje jina langu.

Ni mimi,
Mkwe Aliyechoka, Bonde la Buckeye

*

Mkwe Aliyechoka,

Umeniomba nisitaje jina lako, halafu umetaja mbwa, mume, tishari na maharage. Katika kaunti hii watu humjua mbwa kabla ya kumjua mwenye mbwa. Dovie akibweka, watu watatu mezani husema ni mbwa wa nani. Kwa hiyo tusidanganyane.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, na gazeti hutoka Alhamisi. Mtoto wa mbwa mwenye fizi nyeupe hana Alhamisi. Niliweka kikombe chini nikapiga simu kwenu. Nimemshikia daktari wa mifugo mbwa kwa miaka thelathini na mmoja, nimeumwa mikono yote miwili, na nilikuwa nimeandaa maneno mazito ya kukuambia wewe, na mazito zaidi ya kumwambia mzee. Simu ikapokelewa na mzee mwenyewe. Hili hulijui, kwa hiyo lisome polepole.

"Hayupo," akasema.

"Kaenda wapi, Vestal?"

"Katoka na kapu la nguo chafu. Anasema anakwenda kufua kwa dada yake." Akakohoa. "Sasa Orlena, mimi ni mzee, sijawa kiziwi. Nguo hazilii."

"Na wewe ukamwacha aende?"

"Nilimfungulia geti."

Nikamuuliza kuhusu tumbaku.

"Nimezika wawili chini ya ule mti wa tufaha," akasema. "Wa kwanza ni wa minyoo. Wa pili ni wangu. Nilijua siku ileile, alipoanza kutetemeka. Ya mwezi niliyasema tu."

"Kwa nini hujamwambia mkweo?"

"Nitamwambiaje? Ananitazama mimi kama mtu anayejua mbwa."

"Mwambie hivyohivyo ulivyoniambia."

"Siwezi."

"Basi niandike gazetini?"

"Andika. Na jina langu weka. Watasema tu, waache waseme."

Basi nimeandika, mwanangu. Yale maneno mazito niliyomwekea Vestal Ratliff nimeyarudisha kabatini. Yako bado ninayo.

Kwanza, dawa haikuwa feki. Wewe ndiye uliyeitumia kifeki. Dawa ya minyoo huua iliyo tumboni siku hiyo. Haiui ile minyoo michanga ambayo bado inasafiri mwilini, nayo baada ya wiki mbili imekua na kufika utumbo, tayari kuanza upya. Ndiyo maana watoto wa mbwa hupewa wakiwa na wiki mbili, wiki nne, wiki sita, wiki nane, kisha kila mwezi mpaka nusu mwaka. Na mama yao hupewa pamoja nao, kwa sababu chango, ile mirefu kama tambi, huwapata wakiwa bado tumboni mwake, na minyoo ya safura huinyonya pamoja na maziwa. Ulimtibu Dovie? Hukumtibu. Ulipiga deki huku bomba linavuja. Na hiyo chupa uliyoitupa kijitoni, huko kuna samaki na watu wa chini yako wananywesha ng'ombe. Usirudie.

Pili, kukadiria kwa jicho. Jicho lako si mizani! Mtoto wa mbwa hupimwa kwenye mizani ya jikoni, kila mmoja peke yake, ndipo dawa hupimwa kwa uzito wake. Na wewe msomaji mwingine unayekamua dawa ya farasi kidoleni ukisema "kidogo tu," nakuona pia.

Tatu, maji. Hapa nilitaka kupanda gari nije nikutikise. Mtoto wa mbwa anayeharisha haumwi kwa sababu ana maji mengi. Anakufa kwa sababu yanamwishia. Kumnyima ni kummalizia. Mpe maji safi kidogo kidogo na mara kwa mara, au yale ya chumvi na sukari ambayo daktari atakupimia, na umweke kwenye joto. Dawa za binadamu za kuzuia kuharisha ziache kwenye kabati la binadamu.

Nne, na hili liwekeni kichwani wote: si kila kuharisha ni minyoo unayoiona. Wewe mwenyewe umenipigia Jumanne, ukinong'ona kama mtu anayeficha mtoro, ukaniambia daktari amekuta safura, inayonyonya damu na ndiyo iliyomfanya Tansy kuwa mweupe, na tena vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo dawa ya minyoo haivigusi hata ukiwaogesha nayo. Vina dawa yake nyingine. Huwezi kuvijua kwa kutazama, wala kwa kunusa, wala kwa kumuuliza jirani. Chukua kinyesi cha siku hiyo, kiasi cha kijiko, kwenye chupa yenye kifuniko, kipelekwe kwa daktari akiangalie kwenye darubini. Ukiona damu, fizi nyeupe, kutapika, au mtoto hataki kunyonya, usihangaike na chupa. Peleka mbwa mzima, siku hiyohiyo.

Na mwisho wa ukali wangu: umesema mbwa wa ukoo huu hulelewa jikoni nyuma ya jiko. Hawa walizaliwa kibandani, lakini najua boksi lao la kulalia liko hapo jikoni hata leo, hatua mbili kutoka unapokanda unga. Lihamishe. Mayai ya minyoo hii huingia hata kwa watu, na safura hupenya ngozi ya mguu mtupu. Okota kinyesi kila siku, choma matandiko ya zamani, inua kibanda kisikae kwenye tope, osha chuchu za Dovie kwa maji ya vuguvugu, na nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chakula cha mtu.

Sasa lile uliloniuliza hasa: kwenda kwa siri au kukaa ukitazama. Ulikwenda, na ulifanya vizuri. Uliogopa kumvunjia heshima mzee, yeye aliogopa usije ukamwona mjinga, na katikati ya heshima zenu mbili watoto wa mbwa walikuwa wanaharisha damu. Nimechoka na heshima za namna hiyo. Heshima isiyoweza kusema "nimekosea" haina tofauti na kiburi, na nawaambia wote wawili.

Lakini sikwambii umshinde. Ile kalenda iache pale ilipo, karibu na jiko. Minyoo haisomi kalenda, ila Vestal anasoma, na kwa ratiba ya dawa kalenda ni chombo kizuri kuliko kichwa chako. Nimetazama ya kwangu, maana hata mimi ninayo, tumepewa na watu walewale wa mazishi. Dozi ya daktari ya Jumatatu hii ilitolewa mwezi ukiwa matumboni, siku mbaya kuliko zote, na mpaka ninapoandika wote wanne wako hai. Tansy amenyonya Jumatano asubuhi, akasimama, akaanguka, akasimama tena.

Dozi inayofuata, wiki mbili kutoka siku hiyo, mwezi utakuwa miguuni. Mzee atasema, "Si niliwaambia?" Mwache aseme. Mkaangie mayai.

Ile ya baada ya hapo ndiyo muhimu. Itaangukia tena matumboni. Daktari amekupa lile bomba dogo la kupimia dawa, lisilo na sindano, nawe umelificha ndani ya kopo la unga, usibishe, wote huficha humo. Litoe leo, liweke mezani mbele yake, na umpe penseli aizungushie duara siku hiyo kwenye kalenda kwa mkono wake mwenyewe. Ikifika, jaza dawa kwa kipimo alichoandika daktari, umwekee bomba mkononi. Ataligeuza kwanza upande huu na ule, kwa sababu mara ya mwisho kumtia mtoto wa mbwa kitu mdomoni ilikuwa ile Jumapili. Usimsaidie, usimsemeshe, wala usimnyang'anye.

Wewe mshikie Tansy tu.