Kibao cha Kaburi Nilichopikia Uji

Mpendwa Mshauri, nakuomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, maana usingizi umenihama. Kanju, yaani baraza la mji, inataka kujenga nyumba pale makaburi ya zamani nyuma ya landhi, hizi nyumba za wafanyakazi tunakokaa, wamesema kila mtu aje aonyeshe kaburi la mtu wake atolewe, yale hayana mwenyewe yatasombwa kwa shimo moja. Mimi nilizika pale msichana wangu wa kwanza, Akeyo, surua ilimchukua, na wiki ile ile jirani yangu Wariara akazika wake kando, tukawa tunapalilia pamoja. Halafu serikali ikatangaza Hali ya Hatari, Wariara akapakiwa kwa lori na Wakikuyu wenzake kupelekwa rizavu, eneo walilotengewa kwao, akaniambia, "Mama Akeyo, huyu wangu nakuachia." Baridi ya mwaka huo kuni zilikosa kabisa, mdogo wa Akeyo alikuwa na homa na hajala, nikaenda nikang'oa vile vibao vya mbao vyenye majina yao, vyote viwili, nikapikia uji. Nikaweka mawe, nikasema, si nitayajua tu. Mvua ikaja, nyasi ikaja, watu wakabeba mawe, na sasa sijui wangu ni gani. Bwanangu Odero aliponiuliza nikamwonyesha moja, nikasema ni hili, kama mtu anayejua. Mama mkwe ametuma neno kwamba mahali pa mtoto pameshachaguliwa nyumbani Nyanza, na sisi hatuziki mtoto wa watu ndani ya boma, inaleta kifo. Nitasemaje kwamba nilichoma jina la mtoto wangu? Yule mdogo alipona, ameanza shule, nikimwangalia nalia.

Mama Akeyo, Nakuru, 1958

*

Mama Akeyo, pole. Mtoto mgonjwa alikuwa na njaa, na mimi pia ningeving'oa. Kwa hilo sikukemei. Nakukemea kwa kile kidole ulichomnyooshea Odero. Tena barua nzima unamwogopa bwana, unamwogopa mama mkwe, na Wariara je? Yeye hajafa. Alikuachia mtoto, nawe uko tayari kumpeleka Nyanza kwa jina la mwingine!

Mwambie Odero leo, kabla hujakunja gazeti hili. Atafoka, mwache afoke mpaka achoke. Kesho nendeni kanju mkaandikishe makaburi mawili, la pili kwa jina la Wariara, na mchungaji wenu aandike barua rizavu atafutwe. Siku ya kuchimba usiwaachie wanaume. Wewe ndiwe uliyemvika Akeyo nguo ya mwisho, unajua ushanga wake na rangi ya blanketi yake. Ukimtambua, mpeleke nyumbani.

Lakini jiandae, mama. Udongo wa pale huenda umekula kila kitu. Usipomtambua, usinyooshe kidole tena. Asiende yeyote Nyanza. Wazikwe wote wawili kwenye makaburi mapya ya mji, kando kwa kando kama mlivyowalaza, na mama mkwe aje amlilie mjukuu wake hapo. Kibao kimoja, majina mawili.

Na kiwe cha saruji.