Nafasi ya Kugeuzia Gari

Mdogo wangu Hilary,

Mguu bado unakusumbua? Kibali cha kuingiza gari mbele ya nyumba kimetoka. Afisa wa halmashauri alikuja kupima, akaniambia, "Mama, hii ni barabara kuu. Gari halitoki kinyumenyume, lazima ligeukie ndani." Nafasi ya kugeuzia ikaangukia kwenye mawaridi ya marehemu shemeji yako Clive. Nilimnunia yule afisa, ila chai nilimpa.

Juzi niliyang'oa yote. Jirani akachungulia: "Doreen, gari la nani? Wewe hata baiskeli ilikushinda."

Nikamwambia ni la mdogo wangu, anahamia kwangu, na kwa mguu ule hawezi kutembea kutoka kituo cha basi.

Najua hujakubali. Lakini maua nimeshang'oa.

Dada yako mwenye kucha chafu,
Doreen