Cherehani Penye Kigingi

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Kazi ya kupandisha minara inakwendaje, na unakula? Mimi mzima, mgongo tu ndio una maneno yake. Nakuandikia kwa sababu simu imekwisha chaji, na hapo ndipo penye habari yenyewe. Wapimaji wa kampuni yenu wamepigilia kigingi chekundu kati ya jiko langu na chumba cha kushonea. Wanasema umeme wa msongo mkubwa utapita hapa kwenda mjini, nyumba aliyoijenga marehemu baba yako ibomolewe, na majirani wabaki na vibatari vyao chini ya nyaya.

Tumekataa kijiji kizima. Tumewaambia wazungukie nyuma ya kilima cha mawe, ambako hakuna mtu. Hawataki kusikia, basi sisi wanawake tunakaa kwa zamu penye kigingi wasichimbe. Mimi nimehamishia cherehani hapo hapo, maana kukaa bure siwezi. Nakuomba kitu kimoja tu: usije wewe kuujenga mnara huo.

Mama yako

12 Machi

Shikamoo mama,

Barua imefika. Sijambo, na ninakula. Niko mbali sana, mwisho mwingine kabisa wa laini ya umeme, kwa hiyo ondoa shaka. Lakini usinikasirikie nikisema kwamba laini lazima ipite mahali. Hospitali ya mjini hukatikiwa umeme mgonjwa akiwa mezani anapasuliwa. Kila mtu anataka taa, mnara hakuna anayeutaka. Jihadhari na jua hapo ulipokaa.

Mwanao

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Leo salamu nitazifupisha, maana nina hasira.

Vijana wa minara wamepiga kambi ng'ambo ya mto. Ovaroli zao zinachanika, na fundi wa nguo wa karibu ni mimi, basi wananiletea papo hapo penye kigingi. Majirani walininunia, eti namshonea adui. Nikawajibu kwamba suruali haina kosa. Jana ikaletwa ovaroli yenye kiraka gotini, uzi wa kijani, mshono unarukaruka kama cherehani yangu inavyoruka. Kiraka hicho nilikitia mwenyewe ulipokuja likizo.

Kumbe mbali kwako ni ng'ambo ya mto. Njia ya mwongo ni fupi, baba. Imeniuma sana. Majirani sijawaambia. Nguo nimeishona vizuri, na barua hii nimeitia mfukoni mwake.

Mama

1 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Niliomba mwenyewe kuletwa huku. Nilifikiri kama mnara hauna budi kuja kwako, basi bolti zake azikaze mtu anayekupenda. Nikaona aibu kukuandikia hivyo.

Leo msimamizi ametuagiza tuje kuwaondoa hapo. Nimemwambia, "Yule wa cherehani ni mama yangu. Mimi simgusi." Wenzangu nao wakaweka sururu chini, wakasema huyo ndiye fundi wao. Msimamizi amepiga simu makao makuu. Tunasubiri.

Mwanao

20 Juni

Shikamoo mama,

Habari za hapo tangu makao makuu wakubali kuzungusha laini na kigingi king'olewe? Najua bado mnashangilia. Mimi nami nilifurahi, nikapanda lori kuja huku nyuma ya kilima nikiimba.

Mama, mlisema huku hakuna mtu. Yupo bibi mmoja mfinyanzi, nyumba yake imejibanza chini ya jabali, kutoka kwenu haionekani. Kigingi kimepigiliwa kando ya tanuri lake. Jana alileta kigoda, akaketi hapo peke yake, akaendelea kufinyanga chungu. Nilimwamkia. Akaniuliza, "Nani aliwaonyesha njia ya kuja kwangu?"

Nimjibu nini?

Mwanao

23 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimewasomea wenzangu wote. Hatukumjua, ni kweli. Lakini hata kupanda kilima tukatazame, hatukupanda.

Mwambie ni sisi. Halafu mwambie asiinuke. Wewe njoo mapema unibebee cherehani, maana kilima ni kirefu, na mgongo wangu unaujua.

Mama