Binti Yangu Yuko Juu na Maji

Jumatatu, 4 Agosti

Moto umevuka barabara kuu. Tulidhani lami itauzuia — wapi! Upepo umebeba cheche na kuzitua ng'ambo, kwenye nyasi kavu.

Tumemwaga maji tangu asubuhi. Mimi kifudifudi mlangoni mwa helikopta, mkanda kiunoni, kichwa nje. Kushoto kidogo, shusha, tulia, mwaga. Ndoo inaning'inia chini kwa kamba ndefu na rubani haioni vizuri. Macho yake ni mimi. Tunamwita Mjomba, ingawa hana mpwa hata mmoja kambini. Leo kasema jambo moja tu: bwawa linapungua.

Shingo inauma. Maharage ya kopo, baridi. Kulala.

Jumanne, 5 Agosti

Watu wa mtaa wa Mama wameshauriwa kuhama. Nimempigia. Anafua. Nikamwambia afungashe vyeti, dawa za presha na nguo chache, aende kwa kaka. Akasema mke wa kaka ana mkono wa chumvi, sasa hiyo presha nani ataishusha? Nikacheka, naye akacheka, simu ikaisha bila jibu. Kanishinda tena.

Alhamisi, 7 Agosti

Jana moshi ulitufunga chini. Fundi alisafisha vichujio vya injini hadi kucha zikawa nyeusi, halafu akavirudia.

Leo kaka kapiga. Sasa ni amri, mtaa mzima utoke. Alikwenda na gari kumchukua Mama, akarudi mikono mitupu. Na si Mama tu aliyegoma. Yumo mshonaji wa nyumba ya pili, yumo mama wa mapacha, yumo mwalimu mstaafu na mkewe anayetembelea magongo. Kaka akawauliza wanangoja nini. Wakamwambia mama yenu katuhakikishia: binti yangu yuko juu na maji, hawezi kuacha mtaa wa mama yake uungue.

Nimekaa chini kwenye zege, simu mkononi. Tangu nipate kazi hii Mama ananitangaza dukani, saluni, hata kwenye foleni ya kliniki. Nilikuwa naona raha. Kumbe sifa zangu zimewafungia watu ndani.

Nimemweleza Mjomba. Kafuta miwani yake muda mrefu.

"Sisi hatuuzimi moto huu, binti. Tunauchelewesha ili watu watoke. Mama anajua hilo?"

Hajui. Kwenye televisheni huonekana ndoo ikimwagwa, basi, picha inakatwa.

Kesho nitamwambia. Hata akininunia mwaka.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimempigia kabla ya kuruka. Shikamoo, marahaba, nikaingia moja kwa moja. Nikamwambia ndoo yetu ikimwagwa sebuleni kwake, maji hayatamfika hata magotini. Na moto unaokuja ni mrefu kuliko nguzo za umeme. Akasema Mungu yupo. Nikasema yupo, na ndiye aliyempa kaka gari. Akasema siku hizi nimeota mdomo.

Ikabidi niseme.

"Mama, nisikilize. Wakitupangia kulinda hospitali, nitapita juu ya paa lako na ndoo imejaa, na sitamwaga. Mjomba hatageuza. Na mimi sitamwomba ageuze."

Nikasikia bomba likichuruzika jikoni kwake.

"Mimi mama yako?"

"Wewe mama yangu. Na hao wote wamebaki kwa ajili ya neno lako."

Akakata.

Mkanda ukanikatalia kufunga. Mjomba akanifungia. Tukafanya kazi.

Jioni mshonaji kampigia kaka, kaka kanipigia mimi. Mama anapita nyumba hadi nyumba anagonga milango. Kila mlango maneno ni yaleyale: binti yangu haji, ondokeni.

Sijalia hivi tangu msiba wa Baba.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nimechuchumaa kwenye majani, wanajaza mafuta. Upepo umegeuka — unasukuma moto upande wa hospitali, na mtaa wa Mama uko njiani.

Tumepita juu yake na ndoo imejaa. Magari yalikuwa yanatoka kwa mstari. Mama nimemwona kwenye njia panda, kitambaa chekundu kichwani, anaelekeza watu kama trafiki. Mjomba akauliza kwenye redio kama tuendelee. Nikasema endelea. Mama akainua uso. Akapunga mkono wote, vile anavyofukuza kuku. Sijui alikuwa anatuaga au anatuharakisha. Hospitali tukaikuta bado inatoa wagonjwa. Tukamwaga, tukarudi bwawani, tukamwaga tena.

Sasa hivi kaka kapiga. Mama alimjazia gari: mwalimu, mke, magongo, mapacha na mama yao. Yeye kasema atangoja awamu ya pili. Kaka kawafikisha salama, lakini polisi wameweka kizuizi, hawamruhusu kurudi. Nimemwambia mkuu wa kikosi. Ametoa taarifa kwa walio chini: njia panda, mwanamke mmoja, kitambaa chekundu. Wamejibu gari linakwenda.

Mjomba kaniuliza kama nataka kupumzika, mwingine ashike mlango. Nimekataa. Orofa ya pili ya hospitali bado ina watu.

Redio inasema gari limefika njia panda. Hawajasema limemkuta nani. Mapanga ya helikopta yameanza kuzunguka, majani yanalala. Fundi ananipungia nipande.

Napanda.