Herufi Ndogo za Mzee Mwakio

Kilburn, London
14 Aprili 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Salamu zangu ni nyingi kuliko kokoto za reli hapo Voi. Goti linaendeleaje? Na presha ya Mama imetulia? Mimi ni mzima, tena mzima wa kupita kiasi, hata wazee ninaowatunza kazini wananiuliza ninakula nini.

Baba, najua hupokei simu yangu tangu nilipokwambia nimeolewa. Mama aliniambia, "Baba yako anasema mambo ya ndoa hayasemwi kwa simu. Andika." Basi naandika.

Ni kweli, mwezi wa tatu mimi na Linus Wanjohi tulitia sahihi mbele ya msajili. Mashahidi walikuwa wawili tu: Bridget ninayefanya naye kazi, na Bwana Mitesh, mwenye duka la kuchapisha kule Rayners Lane anakofanya kazi Linus. Kwako hiyo si ndoa. Hata kwangu haijatimia. Ndiyo maana nakuomba kitu kimoja: Desemba tukija, umpokee Linus na watu wake kutoka Nyeri, mkae, mzungumze kama inavyotakiwa. Ukisema "karibuni", nitakuwa mke wa mtu. Usiposema, nitabaki mtu aliyetia sahihi.

Ungemwona, Baba! Nikitoka shifti ya asubuhi nakuta viatu vyangu vya nyumbani ameviweka juu ya chuma cha kupasha joto, ili miguu yangu isipate baridi. Anaponiita "Marion" ni kama hakuna mwingine duniani aliyewahi kupewa jina hilo.

Na ana kipaji. Anachora mabango. Siku ya kwanza kuingia kwenye fleti yake niliona bango ukutani, mistari myeusi iliyopinda, herufi chache ndogo pembeni, na kwingine kote kweupe. Nikamuuliza, "Huu ni mchoro wa mabomba ya maji?" Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni tangazo la muziki, lililochorwa na Mswisi mmoja, marehemu sasa, ambaye jina lake siwezi kulitamka. Linus akasema, "Usilisome. Lisikilize." Nikasimama pale dakika kumi, Baba, na naapa ile mistari ilianza kupanda na kushuka kama kwaya. Nafikiri hapo ndipo nilipompenda. Anasema Mswisi huyo na wenzake ndio waliowafundisha watu kuondoa mapambo, na kwamba vibao vingi tunavyofuata leo bila kufikiri, hospitalini na uwanja wa ndege, ni kama wajukuu wa kazi yao.

Ndani ya bahasha kuna kadi ya ndoa yetu aliyowatengenezea wewe na Mama. Amechapisha nakala moja tu duniani, yenu.

Mwanao akupendaye,
Marion


S.L.P. Voi
9 Mei 2024

Kwa binti yangu Marion,

Marahaba. Goti lipo, linanikumbusha kila ngazi niliyowahi kupanda. Mama yako hajambo, ameomba picha.

Kadi nimeipata. Nimeandika kwenye kuta za Voi miaka thelathini na minane. Nimeandika bucha, nimeandika kinyozi, nimeandika shule uliyosoma wewe. Sijawahi kuandika jina la mtu mzima kwa herufi ndogo. Hata pale kwa daktari wa mifugo, kwenye geti, niliandika MBWA MKALI, herufi kubwa zote. Sasa nafungua bahasha kutoka Ulaya nakuta "granton mwakio", kila herufi ndogo, kama mtu anavyoandika kiazi. Maana yake mimi ni mdogo kuliko mbwa wa daktari.

Na karatasi yenyewe! Majina yetu juu, yenu chini kabisa, katikati hakuna kitu. Wino uliisha? Au mlikuwa na haraka, kama mlivyokuwa na haraka ya kuoana?

Mama yako anasema pengine ndiyo mitindo. Nimemwambia dharau nayo ina mitindo.

Desemba wewe njoo, hapa ni kwenu. Yeye na watu wake wasijisumbue.

Tena usinieleze habari za viatu kupashwa joto. Mimi ni baba yako.

Baba yako,
G. Mwakio


Kilburn, London
2 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo, na salamu za upendo kwako na kwa Mama. Natumaini mvua imewatosha na goti limekupa nafuu. Sisi tu wazima wa mwili. Moyo ndio ulioumwa.

Barua yako niliisoma ndani ya basi, nikalia hadi mama mmoja nisiyemjua akanipa kitambaa. Nilipofika kwa MBWA MKALI nikacheka, halafu nikalia tena.

Nilimsomea Linus. Akasema, "Sikumdharau." Nikamwambia, "Basi tengeneza nyingine, yenye herufi kubwa, ya dhahabu, kama kadi za watu." Akasema hawezi. Baba, tuligombana! Mara ya kwanza tangu tuoane. Siku tatu tukapishana humo ndani kama wapangaji. Mimi nikamwambia, "Unampenda Mswisi aliyekufa kuliko mke aliye hai." Maneno mabaya. Siku ya nne aliniona nalia jikoni, akavaa koti, akaenda dukani.

Bwana Mitesh alifurahi sana. Yeye alizaliwa Kisumu na Kiswahili chake bado ni cha sokoni. Alipiga makofi, "Sasa hii ndiyo kadi! Ile ya kwanza ilikuwa kama karatasi ya kupima macho. Kijana, mteja hanunui weupe, ananunua wino!" Akamletea michoro ya mawaridi na njiwa, na wino wa dhahabu wa bure, zawadi ya harusi.

Nimeiweka humu. Angalia jina lako, Baba, linang'aa! MZEE GRANTON MWAKIO. Hakuna sehemu tupu hata ya kutua inzi. Linus ametumia jioni zake mbili kwa ajili yako, na jana alinishika mkono kutoka stesheni mpaka mlangoni. Nampenda mpaka naogopa.

Sasa utasema "karibuni"? Tafadhali, Baba.

Mwanao,
Marion


S.L.P. Voi
30 Juni 2024

Binti yangu,

Marahaba. Tu wazima. Mvua ilikuja, ikachukua kibanda cha kuku, ikaenda zake. Mama yako ameiweka kadi ya dhahabu juu ya televisheni na kila anayeingia lazima aione.

Mimi sikuiweka popote. Niliziweka mezani zote mbili, nikachukua rula.

Nianze na hii ya pili. Waridi limekalia mguu wa K. W na A katika jina langu zimeachana kama meno ya mtoto wa miaka saba. Njiwa mmoja anaangalia nje ya kadi, anataka kuondoka. Mtu aliyefanya kazi hii aliifanya amekunja uso. Mimi nimefanya kazi nyingi nimekunja uso, naujua mkono wa namna hiyo.

Halafu nikaipima ya kwanza, nitafute kosa. Nilipima asubuhi nzima. Unajua mimi kabla ya kuandika ukuta hupiga mistari ya chaki kwa uzi, nikimaliza naifuta. Kadi ile haina mstari hata mmoja unaoonekana, lakini rula iliiona yote. Ukingo wa jina langu uko sawa na ukingo wa jina lako na ukingo wa tarehe. Nafasi zimegawanywa kwa kipimo kimoja kutoka juu hadi chini. Sikupata kosa. Niliudhika zaidi.

Sasa nina maswali. Aliyefanya ile ya kwanza ana mkono, ila amenitukana. Aliyefanya hii ya pili amenipamba, ila amenidanganya. Ni yupi kati yao amemwoa binti yangu? Mtu akitishwa kidogo akafuta mstari wake, siku wewe ukiwa na shida atafuta nini?

Anijibu yeye, kwa mkono wake. Siyo wewe. Wewe umeshapotea, hata kadi mbovu unaiona inang'aa.

Baba yako,
G. Mwakio


Kilburn, London
21 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa kibanda cha kuku. Hapa kuna joto, na Waingereza wanalalamika kama walivyolalamika kuhusu baridi.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine. Ni ya Linus. Aliletwa hapa akiwa na miaka minane na Kiswahili cha kuandika hakujifunza. Akiongea huchanganya na Kiingereza, akiandika hupotea kabisa. Nilimwambia, "Nitafsirie nikuandikie." Akakataa. "Mzee alisema mkono wangu."

Alikaa kwenye meza ya jikoni Jumamosi yote. Alichana karatasi saba. Mara mbili tu aliniuliza neno. Kwanza, "space" yaani nini? Nikamwambia nafasi. Baadaye, "chance" nayo? Nikamwambia nafasi. Akaniangalia. "Ni neno moja?" Nikasema, "Na ukiwa na muda, pia unasema una nafasi." Alirudi kuandika anatabasamu peke yake, na mimi nilitamani kumkumbatia pale pale lakini nilijizuia, kazi iendelee.

Ameifunga kabla sijaisoma. Sijui ameandika nini, Baba. Naogopa ameomba vibaya. Naogopa pia hakuomba kabisa. Msome kwa moyo, usimsome kwa rula.

Mwanao,
Marion


Kilburn, London
15 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Mko wazima? Mama akipiga simu anasema, "Baba yako yuko kazini," basi, anabadilisha mazungumzo. Kazini wapi, na goti hilo?

Wiki nane sasa. Linus haulizi, lakini kila akiingia hutazama kwanza chini ya tundu la barua mlangoni. Watu wake wa Nyeri wanataka kujua kama wajiandae. Nimewaambia wasubiri. Nimewaambia baba yangu husoma polepole.

Hata kama jibu ni hapana, liandike.

Marion wako


S.L.P. Voi
13 Oktoba 2024

Marion na Linus,

Salamu kwenu wote wawili. Goti limekubali kazi, kwa hiyo msiniulize tena. Mama yenu ni mzima na anasema nimewatesa. Ni kweli, nilikawia. Nilikuwa na ukuta.

Linus, barua yako niliipata. Kiswahili chako ni kama njia ya mbuzi, lakini kinafika. Nimeisoma mara nyingi, mpaka sentensi mbili nimezishika bila kutazama. Umeandika: "Mzee, jina kubwa ni kupiga kelele. Mimi sikutaka wewe upige kelele, nilitaka wengine wanyamaze." Na kuhusu ile sehemu tupu umesema mzee akiingia chumbani watu husogea, wakampa nafasi, na ndiyo uliyonipa. Hapo niliweka barua chini nikaenda kutembea.

Halafu ukamalizia kwamba unaomba msamaha kwa kadi ya pili, ambayo uliifanya kwa kuogopa machozi ya mke wako, lakini kwa ya kwanza huombi. Mama yenu alisema, "Kijana ana kiburi huyu." Nikamwambia hapana. Huyo ndiye aliyefanya ile ya kwanza.

Sasa habari ya ukuta. Hapa mjini wamefungua kituo cha kuchangia damu. Afisa wao alinitafuta niandike mbele. Alitaka moyo, chupa, bendera, namba nne za simu, na sura ya mheshimiwa. Nilimwambia aniachie. Nilipaka ukuta wote rangi nyeupe, nikapiga mistari yangu ya chaki. Upande wa kushoto, chini, nikaandika neno moja jekundu, refu kuliko mimi: damu. Herufi ndogo zote. Pembeni yake mshale wa kuelekea mlangoni. Nikaifuta chaki, nikashuka.

Afisa akaja. "Mzee, kazi nzuri. Utamaliza lini?"

"Nimemaliza."

"Lakini hapa kote?"

"Hapo ni nafasi."

Alikasirika, akaniambia uzee umenifikia. Vijana wa bodaboda walinicheka siku mbili. Lakini kila mtu alisimama. Kuta zangu zingine watu hupita tu. Hii walisimama, wakaulizana, "Damu ya nani?" Wengine wakaingia ndani kuuliza hilo hilo. Nesi aliniambia wiki ya kwanza waliingia kumi na saba kwa sababu ya kuuliza, na kumi na mmoja wakalala kitandani wakatoa. Mimi mwenyewe walinikataa kwa sababu ya umri, nikaona aibu.

Afisa bado hajaridhika. Anataka maelezo yaliyoandikwa, ya kitaalamu, kwa nini ukuta wa serikali umeachwa mtupu. Nimemwambia kuna Mswisi mmoja, na kuna mkwe wangu aliyemsoma, naye anafika Desemba atamweleza.

Kwa hiyo watu wa Nyeri waje Jumamosi tarehe 21, kabla ya saa sita. Wazee wa huku nimeshawaambia. Marion, mwambie mama mkwe wako asijali habari za malazi, Mama yenu ameanza kuhesabu magodoro. Karibuni.

Linus, wewe tangulia wiki moja, na uje na nguo za kazi. Shule ya msingi wana ukuta wa mita ishirini, na mwalimu mkuu ameniuliza kama tunaweza.

Baba yenu,
Granton Mwakio